Shingo ya Mtukufu na Chandarua cha Kaka Mbaruku

Haya yalitokea nchini kwetu. Jina la nchi silitaji, na si kwa woga, maana mie nimuogope nani na meno yenyewe yamebaki ya kunywea uji? Silitaji kwa sababu limebadilishwa mara nyingi, na kila likibadilishwa linarefuka. Siku hizi ukianza kulitamka ukiwa umeinjika maharage, unalimaliza yameungua. Nyie wenye akili mtaijua ni nchi gani. Wasio na akili wameshapewa vyeo, hawana nafasi ya kusoma.

Mambo yalianzia shingoni. Mtukufu Mlezi wa Taifa aliamka asubuhi moja shingo imemkaa upande, haigeuki. Watu wakasema, mie sikusema, nilisikia tu kwa kuwa masikio yangu hayana mlango, kwamba alilala kwenye kochi la sebuleni Ikulu. Ati Mama wa Taifa alimwambia neno juu ya viatu, naye akajibu neno juu ya mama mkwe. Redio haikuyasema hayo. Redio ilisema Mtukufu ameamua kuliangalia taifa kwa jicho moja ili jicho la pili lipumzike. Siku ile mawaziri wote wakaingia mkutanoni shingo upande, na ilikuwa mara ya kwanza kuja shingo upande kwa hiari yao.

"Kuna tatizo la mapenzi katika nchi hii," akasema Mtukufu, akiutazama mlango.

"Kubwa sana," wakajibu mawaziri, wakiutazama mlango.

Basi wataalamu wakatumwa ng'ambo kutafiti furaha ya wapendanao. Walikwenda bila wake zao, utafiti usije ukavurugwa. Wakakaa huko hadi viza zikawachoka. Waliporudi wamenenepa, wanang'aa mashavu, wakatoa taarifa kwamba furaha ipo, wameiona kwa macho yao.

* * *

Aliyekabidhiwa jambo lenyewe ni Mheshimiwa Daktari Pundugu, Waziri wa Furaha za Majumbani, wizara iliyoundwa siku hiyohiyo kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Mheshimiwa Pundugu ni mtu mpole, anaongea kama anayembembeleza mtoto wa mwenzie. Akaja kwenye redio.

"Ndugu wananchi," akasema, "utafiti wa kina, wa upana na wa urefu umebaini kwamba nyumba haikosi furaha kwa sababu ya njaa, wala mabomba kukauka, wala paa kuvuja, mambo ambayo wenye nia mbaya wangeweza kuisingizia serikali. Nyumba inakosa furaha kwa sababu ya tabia. Na tabia, ndugu wananchi, ni mali ya mwananchi mwenyewe. Kuanzia leo, serikali itaipima."

Akaeleza kwamba binadamu wote, wazungu kwa waafrika, wamegawanyika mafungu manne: Wapole, Wakali, Wasemaji na Wanunaji. Mpole akioana na Mpole, furaha. Mkali na Mkali, furaha, maana wanaelewana lugha. Lakini Mkali akilala kitanda kimoja na Mnunaji, hapo ndipo taifa linapooza. Sera ikaitwa Ndoa Mfanano. Kila mlango utundike kitambaa: cheupe cha Wapole, chekundu cha Wakali, cha njano cha Wasemaji, cha kahawia cha Wanunaji. Nyumba itakayokutwa na rangi mbili, wenyewe watagawanywa upya Siku ya Mgawo, kila mmoja apewe wa fungu lake.

Tabia inapimwaje? Hapo ndipo niliposadiki kuwa wale watu wamesoma. Inapimwa kwa chandarua. Wizara ilikuwa na vyandarua vimejaa hadi darini, vya mradi fulani wa zamani ambao mbu hawakuusikia. Na wataalamu wakasema, kwa hili nawapa mkono, kwamba hakuna mume na mke waliowahi kufunga chandarua pamoja wakabaki wanafichana tabia.

Sasa kumchungulia mtu chumbani kwake ni utovu wa adabu, na serikali yetu ina adabu. Kwa hiyo Afisa Tabia anakuja, anawapa wenyewe chandarua, wanaingia chumbani, wanaegesha mlango, yeye anabaki nje na kusikiliza. Anayefoka, Mkali. Anayeongea, Msemaji. Anayesema samahani, Mpole. Asiyesikika, Mnunaji. Serikali ilituma masikio, macho ikayaacha ofisini.

* * *

Nyumba za mfano zikaanza kuonekana mtaani kwetu, na furaha ikawa kubwa hata watu wakaanza kuhama.

Wapole wawili waliounganishwa na serikali walipewa nyumba mkabala na kisima. Siku ya kwanza mume akauliza, "Tule nini, mke wangu?" Mke akajibu, "Chochote ukipendacho wewe." Mume: "La, ukipendacho wewe." Ikafika magharibi jiko halijawashwa. Kesho yake hivyohivyo. Wakakonda, wakapendeza kwa utaratibu. Wizara ikawapiga picha na kuandika chini yake: Wembamba wa Furaha.

Wanunaji wawili walikaa kimya mno, mwenye nyumba akadhani wamehama, akampangisha fundi viatu chumba kilekile. Fundi viatu akaingia na cherehani yake, wakamtazama, hawakumwambia kitu. Mpaka leo yumo.

Wasemaji wao walikuwa wakiongea wote kwa pamoja tangu alfajiri. Mke alijifungua mapacha, mume akapata habari kwa jirani.

Wakali sitawasimulia. Zahanati ilipaka rangi mpya kwa ajili yao.

* * *

Sasa nimfikie kaka yangu, maana ndiye aliyenifanya nikashika kalamu.

Kaka Mbaruku ni mtu wa kununa. Hakufundishwa, alizaliwa hivyo. Mama alikuwa akisema huyu mtoto alitoka akawatazama wakunga kama waliomwamsha. Ukimuuliza neno anajibu "Hmm," na kwa lugha yake hiyo ni hotuba. Mkewe ni Mwanakombo, wifi yangu, mwanamke mrefu, mkono mrefu, na sauti yake ndiyo ndefu zaidi. Akimwita kuku wake, kuku wa mtaa wa pili wanarudi nyumbani. Mie naishi nao uzio kwa uzio, nimezeeka na sauti ile. Nisipoisikia najua saa yangu imesimama.

Afisa Tabia wa kwetu aliitwa Bwana Kisesa, kijana wa tai fupi na masikio makubwa, bila shaka ndiyo yaliyompatia kazi. Alikuja adhuhuri. Kaka na wifi wakaingia chumbani na chandarua, Bwana Kisesa akatega sikio mlangoni, na mie nikawa nachuma mchicha karibu na dirisha, ingawa upande ule mchicha haujawahi kuota.

"Panda!" tukamsikia Mwanakombo. "Panda kigoda, Mbaruku, si ukitazame! Kwani picha hiyo?"

Kimya.

"Kushoto. Kushoto nimesema! Mkono wako wa kushoto umekaa hapo tangu uzaliwe, leo umeuhamishia wapi?"

Kimya.

"Haya, na goti! Goti lako hilo! Unataka uanguke unifie, nibaki na dada yako huyo anayejifanya anachuma mchicha wakati anasubiri mandazi yangu?"

Kimya. Na mandazi yenyewe, kwa haki ya Mungu, yalikuwa magumu.

Bwana Kisesa akatikisa kichwa kwa huruma. "Mke ni Mkali wa Daraja la Juu," akaniambia, kwa kuwa nilikuwa karibu, "na Usemaji anao kama nyongeza. Mume ni Mnunaji Sugu. Bibi, hawa watu wameishije?"

"Kwa kutopimwa, mwanangu," nikamwambia.

Chandarua mle ndani kilikuwa kimefungwa sawasawa, kona nne zimenyooka kama za bendera mpya. Hilo Bwana Kisesa hakuliona, alikuwa nje. Wala hakuona jambo jingine ambalo mie nililiona dirishani. Kaka Mbaruku, na mdomo wake umefura, aliposhuka kigodani aliinama akachomeka chandarua chini ya godoro. Akaanza na upande wa mkewe, wa ukutani, akapapasa pembe hadi pembe asije mbu akapata pa kupitia. Kisha ndipo akachomeka wake, chapuchapu, kama mtu anayefunga gunia. Amefanya hivyo tangu waoane. Nimewachungulia miaka yote, nisijue?

* * *

Mgawo ukabandikwa kwenye ukuta wa soko. Mwanakombo kapewa Sajini mstaafu wa mtaa wa juu, Mkali anayefokea hata mvua. Kaka Mbaruku kapewa Bi Mafunda, ambaye hajasema neno tangu redio yake iibiwe.

Nikaenda kumtania wifi, ndiyo haki yangu.

"Hongera, wifi! Naona umepata mume mpya, na kofia ya jeshi juu. Usinisahau kwenye pilau."

"Toka hapa, we kizee usiyezeeka mdomo," akasema. Nikasubiri ziada, maana kwa kawaida hapo ndipo anapoanza. Hakuendelea. Akakaa kwenye mbuzi ya nazi, nazi mkononi, haikuni. Nikaona leo si utani.

"Atamnunia nani?" akauliza.

"Nini?"

"Kaka yako. Atamnunia nani? Yule Mafunda hajui kitu. Atampelekea chai bila tangawizi, naye si unamjua, hatasema. Ataitazama, atainywa. Atakunywa chai mbaya mpaka siku yake ya kufa, na hapatakuwa na mtu wa kumuuliza we baba, mbona umenuna?" Akajifuta pua kwa upindo wa kanga. "Mie nikimuuliza huwa hajibu. Lakini si ninauliza?"

Nikaenda kwa kaka, yuko uani anamtazama beberu wake.

"Kaka, unasemaje na jambo hili?"

"Hmm," akasema. Lakini ile hmm ilikatika katikati, na tangu tukiwa watoto sijawahi kusikia hmm yake ikikatika.

Rufaa ilikuwepo. Nchi yetu ni nchi ya sheria, haki hainyimwi mtu, inawekwa tu mahali pa juu. Mwenye kupinga mgawo atafunga chandarua Siku yenyewe ya Mgawo, katikati ya Uwanja wa Taifa, mbele ya Mtukufu, bila yeyote kati yao kutoa neno. Wakikifunga kimyakimya, basi wamefanana, waende zao. Likitoka neno moja, kila mtu kwa mwenzie mpya palepale.

"Neno moja tu?" Mwanakombo akamuuliza Bwana Kisesa.

"Hata nusu, mama."

Wifi akashika kiuno. Kwake neno moja ni kama punje moja ya mchele, nani anapika punje moja?

* * *

Wakaanza mazoezi. Mara ya kwanza Mwanakombo alijifunga kitambaa mdomoni, akaongea kwa nyusi. Kaka hakuelewa nyusi. Akapanda kigoda bila wa kumwambia goti, goti likakataa, akaanguka ndani ya beseni la kunde nilizoloweka mie. Mara ya pili Mwanakombo aliyameza maneno, akashikwa na kwikwi ya siku nzima, kuku wakakimbia. Mwisho tukapata dawa, na kama kuna mtu wa kusifiwa ni mie: kiazi kitamu kilichochemshwa. Kinajaa kinywani, hakitoki wala hakishuki, na mtu mwenye kiazi mdomoni hana la kusema.

Basi wifi akawa anazunguka na kiazi mdomoni kutwa, anafagia kimya, anapika kimya. Mtaa ukaingiwa na hofu. Watu walipita wakiuliza kama kuna msiba.

Jioni moja kaka akaja kwenye uzio wangu, akasimama. Nikajua ana jambo, kwa kuwa hakunuka tumbaku, na kaka hasahau tumbaku bure.

"Dada," akasema. "Humo ndani kuna kimya."

"Si ndivyo serikali inavyotaka?"

Akafikiri muda wa kutosha kuchemsha chai. "Silali," akasema, akaenda zake.

Sijamsikia kaka akisema maneno mengi vile tangu alipokwenda kuposa, na siku ile pia nusu niliyasema mie.

* * *

Siku ya Mgawo uwanja ulijaa. Upande mmoja wamekaa Wakali, wanagombania viti. Upande wa pili Wapole, wamesimama wote, kila mmoja anampisha mwenzie kiti. Katikati kuna jukwaa la mbao, juu yake kitanda cha Mtukufu chenyewe, kimebebwa kutoka Ikulu pamoja na nguzo zake, maana Mtukufu alikuwa tangu siku ile ya kochi hajapata usingizi, na daktari wake alisema labda akilala mbele ya wananchi wanaompenda shingo italegea. Mama wa Taifa alikuwa kiti cha mbele, miwani myeusi, hawasemezani.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na Bwawa la Kuogelea la Taifa. Lilizinduliwa kabla ya kumalizwa, na halijawahi kuogelewa na yeyote isipokuwa vyura. Jua lilipoanza kushuka, mbu wa bwawa lile wakaja. Hawakuchagua fungu. Waliuma weupe, wekundu, wa njano na wa kahawia, na Mtukufu, ambaye hawezi kugeuza shingo, wakamwuma upande asiouona.

"Mheshimiwa Waziri," akasema Mtukufu, akijipiga kofi, "fungeni hicho chandarua."

Mheshimiwa Pundugu na mkewe, Wapole wa Daraja la Kwanza, nyumba ya mfano ya kitaifa, wakapanda jukwaani. Bendi ikapiga.

"Tangulia kushika kona, mpenzi," akasema Waziri.

"Samahani, tangulia wewe, mpenzi."

"Siwezi kukutangulia, mpenzi."

"Basi tushike pamoja, kona hiyohiyo, mpenzi."

Wakashika kona hiyohiyo. Kona nyingine tatu zikabaki chini. Waziri akasema samahani akarudi nyuma, mkewe akasema samahani akarudi nyuma, chandarua kikawafuata, mara tukaona wote wawili wamo ndani yake kama samaki, wanaombana radhi. Walinzi wakawatoa kwa makasi. Waziri akajifuta, akaja kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, mmeshuhudia. Chandarua kimefungwa, kwa kiwango cha chini."

Tukapiga makofi. Wengine tulikuwa tunaua mbu, lakini kwenye redio ilisikika vizuri.

Ndipo Bwana Kisesa akaita: "Rufaa! Mbaruku na Mwanakombo!"

Wakapanda. Wifi kavaa kanga mpya, shavu limetuna kiazi. Pembeni ya jukwaa Sajini mstaafu alikuwa tayari na sanduku la kubebea vitu vya wifi, analifokea sanduku. Bi Mafunda alikaa karibu yake, hakutazama mtu. Kaka akachukua chandarua kipya, akapanda kigoda. Uwanja ukanyamaza, hata Wakali.

Kona ya kwanza, kimya. Mwanakombo akampa kamba, kaka akafunga. Ya pili, kimya. Nilimwona wifi jasho linamtiririka, kiazi kinapanda na kushuka, maneno yanakigonga kwa ndani yakitaka njia. Ya tatu, kimya. Waziri akaanza kuwa na wasiwasi, maana sera ilikuwa inashindwa kwa kufaulu.

Kona ya nne ilikuwa upande wa ukingo wa jukwaa, juu ya bwawa. Kaka akasogeza kigoda, akapanda, akanyoosha mikono. Nikaona, na wifi akaona, mguu mmoja wa kigoda umekaa hewani. Kaka hakuuona. Alikuwa anaangalia juu, na goti lake linaanza kutetemeka.

Mwanakombo alimtazama kaka. Akamtazama Sajini na sanduku lake. Angenyamaza, pengine kigoda kingekaa, kamba ingefungwa, na wangerudi nyumbani pamoja. Angesema, mume angesalimika akawa wa Mafunda. Nyie mngefanyaje? Mie sijui. Wifi hakukaa kufikiri.

Kiazi kiliruka kwanza. Kiliruka kama risasi, kikampata Mheshimiwa Pundugu kwenye paji la uso.

"MBARUKU!" Vyura wakazama. "Mguu wa kigoda, we mbuzi! Rudi nyuma! Nyuma, si huko, huko ni kwa vyura! Kulia! Shika nguzo! Nimesema shika nguzo, si uniangalie, mie sitakudaka na mgongo wangu huu! Haya, shusha goti. Polepole. Polepole, baba. Umesimama? Haya sasa funga kamba, watu wanaumwa na mbu, umesimama tu kama mnara wa simu!"

Kaka akafunga. Akashuka. Chandarua kikasimama juu ya kitanda cha Mtukufu, kona nne zimenyooka.

"Neno limetoka!" Bwana Kisesa akapiga kelele, masikio yamemsimama. "Mengi! Yametoka mengi mno!"

"Rufaa imekataliwa," akasema Waziri, kiazi kikimtiririka puani. "Naomba Mtukufu atie sahihi, watenganishwe."

Lakini Mtukufu alikuwa amechoka kuumwa, na ameshajongea kitandani. Wifi akaketi chini kwenye jukwaa, kichwa kwenye magoti. Na kaka Mbaruku, hakumtazama mtu, mdomo umefura kuliko siku zote, akainama kuchomeka chandarua. Ni mazoea. Akaanza upande wa mbali, upande mtupu, akapapasa pembe hadi pembe.

"Wee mzee," akasema Mtukufu, "mimi nalala upande huu. Mbona unachomeka kule kwanza?"

Kaka akapapasa pembe ya mwisho. Tukajua hatajibu. Kisha akasema, polepole, kwenye kipaza sauti kilichosahauliwa wazi, taifa zima likasikia:

"Kule ndiko kwake."

"Kwa nani?"

Kaka akaelekeza kidevu kwa mkewe aliyekaa chini. Kisha, kwa kuwa kitanda hakikuwa chake, akasita, akakigeuzia kidevu kiti cha mbele.

Mtukufu akautazama upande ule mtupu, kwa kuwa shingo ndiko ilikomkaa. Akautazama sana. Mwisho akasema, si kwa sauti ya redio, kwa sauti ya mtu, "Mama Faraji. Njoo, mbu watakuuma huko."

Mama wa Taifa akavua miwani, akapanda jukwaani bila haraka. Alipofika kitandani akafoka hata Mwanakombo akainua kichwa:

"Na viatu? Utapanda kitandani na viatu mpaka lini? Nilisema nini siku ile? Vua!"

Mtukufu akavua. Akaingia. Mama wa Taifa akaingia upande wake. Kabla Waziri hajafika na kalamu, tukasikia mkoromo. Nani angemwamsha? Waziri alisimama na kalamu mpaka wino ukakauka, kisha wote tukaambiwa turudi majumbani kwa kunyata. Kaka na wifi wakanyata pamoja. Bi Mafunda akanyata akaenda zake, na nadhani alitabasamu, ila sina ushahidi. Sajini peke yake alibaki, anagombana na sanduku.

* * *

Asubuhi shingo ya Mtukufu ilikuwa imenyooka. Mawaziri wakaja shingo zimenyooka, wengine kwa kuchuliwa na mafuta ya nazi.

Serikali yetu si ya kukosa kujifunza. Alasiri hiyohiyo Mheshimiwa Pundugu akatangaza kwamba utafiti mpya, mpana zaidi, umebaini Ndoa Mfanano ilikuwa hila za maadui. Sera sasa ni Ndoa Kinyume. Kila nyumba lazima iwe na mmoja anayefoka na mmoja anayenuna. Wapole watapewa kozi ya kutukana. Na nyumba ya mfano ya taifa ni ya Mbaruku na Mwanakombo, ambao watafunga chandarua kila wiki mbele ya maafisa wanafunzi, mke afoke kwa kiwango, mume anune kwa kiwango.

Bwana Kisesa akaja na kundi lake, safari hii wakaingia hadi chumbani. Wakapanga mstari kando ya kabati.

"Haya mama," akasema, "tuanze. Foka."

Mwanakombo akamtazama mumewe. Mumewe akamtazama. Sijui walisemezana nini kwa macho, maana kwa macho hawa watu husemezana upesi kuliko redio.

"Samahani, mume wangu," akasema Mwanakombo kwa sauti laini kama uji wa mgonjwa, "utapenda kupanda kigoda?"

"Nitapenda sana, mke wangu," akasema kaka Mbaruku. Maneno manne! Nikashika dirisha nisianguke.

"Ukipenda, kushoto kidogo."

"Ahsante kwa kunielekeza."

Wakaendelea hivyo, mwendo wa konokono. Chandarua kikakaa kombo, kona moja imefungwa kwenye mpini wa kabati. Bwana Kisesa akapauka. Akawapima tena, mara akasema ni Wapole wa Daraja la Kwanza, hawafai kwa mafunzo, akawapa kitambaa cheupe watundike mlangoni, akaondoka na watu wake kwa aibu.

Hawajakata kona ya mtaa, nikasikia:

"Mbaruku! Kona umeifungia kwenye kabati! Kabati nalo litalala na sisi? Na goti lako, ulipanda kigoda bila kulichua, nilikuona! Na wewe wifi hapo dirishani, mchicha umeota leo?"

Na kaka, nilimwona, amenuna mpaka mdomo unakaribia kushika kidevu, anapapasa chandarua upande wa ukutani, pembe hadi pembe.

Nikarudi kwangu nikalala usingizi wa mchana, mtamu, sauti ya wifi inavuma juu ya uzio.

Kile kitambaa cheupe Mwanakombo anachujia tui. Mkipita nchini kwetu mkaona mlango uliotundikwa kitambaa kinachonukia nazi, bisheni hodi kwa nguvu. Mtajibiwa kwa nguvu zaidi. Na mkipewa mandazi, yatumbukizeni kwanza kwenye chai.